Vermont au Maine? Anza na barabara, nyumba baadaye

Swali: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni Mzigua wa Handeni, mwaka wa kumi na moja sasa niko Houston, Texas, hapa Marekani. Ni nesi mwenye leseni, mume wangu anaendesha lori lake mwenyewe, watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Tumechoka na foleni, honi na joto, na tangu maji ya kimbunga Harvey yaingie ndani mwaka 2017 sijalala vizuri mvua ikinyesha. Oktoba tulitembea Vermont, jimbo la kaskazini-mashariki, tukaona nyumba nyeupe juu ya kilima, ina banda jekundu na kijito nyuma. Rafiki yangu anasema Maine ni nafuu zaidi na wenzetu wapo. Tuhamie wapi? Na nikifuga kuku, watapona baridi hiyo?

Jibu: Waalaikum salaam, dada. Umenifanya nitabasamu uliposema mmekwenda Oktoba. Wote tunakwenda Oktoba. Miti imegeuka rangi ya moto, hewa kavu, barabara ya changarawe ngumu kama sakafu, na mwenye nyumba amefyeka nyasi hadi ukingo wa kijito. Mimi pia niliingia kwa mlango huo.

Nilikodi nyumba Vermont mwezi huohuo wa kumi, juu ya kilima, maili moja na nusu kutoka lami. Dalali akaniambia barabara ile ni ya mji, na hakudanganya. Alichonyamazia, nami sikujua kukiuliza, ni daraja lake. Vermont barabara za miji zimepangwa katika madaraja manne, na ile ya daraja la nne mji haulazimiki kuiondolea theluji. Kufika Desemba basi la shule lilikuwa likiishia chini ya kilima, na gari la mafuta ya kupashia nyumba joto lilikataa kupanda. Usiku mmoja boila ilizima. Nilinunua dizeli kituoni kwa madumu ya galoni tano, maana boila za mafuta huikubali, nikayafunga kwenye kile kibao cha plastiki ambacho watoto hutelezea, nikayavuta kupanda kilima huku pua imeganda. Nimezaliwa Njombe, nimekua nikiona sakitu imelala kwenye viazi, nilidhani baridi naijua.

Baada ya hapo niliishi Vermont misimu sita na sasa nipo Maine wa tisa, na kazi yangu ni kuwashauri wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo swali lako nimelijibu mara nyingi mezani kwa watu, na nimeona nani alikaa na nani alirudi Texas na madeni.

Kwanza uzione sehemu zenyewe kwa macho ya nyumbani. Vermont ina ukubwa unaokaribia Mkoa wa Tanga, ila Tanga sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 2.6, na Vermont sensa ya 2020 ilihesabu 643,077. Maine ina watu mara mbili ya hao, 1,362,359, lakini wametawanyika kwenye eneo zaidi ya mara tatu. Katika majimbo yote ya Marekani hakuna yanayoyazidi haya mawili kwa sehemu ya watu wanaoishi vijijini: Vermont karibu asilimia 65, Maine asilimia 61. Kwa hiyo kama ni ukimya, kote utaupata. Vermont ni kama Lushoto: milima, mabonde membamba, vijiji vimeshikana na mito, kila mtu anajua gari lako. Maine ni nchi ya umbali. Ukienda kaskazini ya mji wa Bangor msitu unakumeza. Karibu nusu ya ardhi ya jimbo haina hata serikali ya mji, na wakazi wake wa kudumu ni kama elfu tisa tu.

Ndiyo maana sikushauri uchague jimbo kwanza. Chagua dakika. Dakika ngapi kutoka mlangoni hadi hospitali utakayofanyia kazi, hadi barabara kuu ya shemeji, hadi mtu anayeweza kuja kukuchukulia watoto shifti yako ikivutwa. Ukishazijua hizo, jimbo litajichagua lenyewe.

Tuanze na kijito chako. Umekimbia maji, dada, halafu umependa nyumba yenye kijito nyuma. Vermont mabonde ni membamba na mvua kubwa ikishuka milimani haina pa kwenda. Agosti 2011 dhoruba ya Irene ilizoa madaraja na barabara nzima. Julai 2023 katikati ya Montpelier, makao makuu ya jimbo, palikuwa ziwa, na Barre nayo ikazama. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, karibu tarehe zilezile, maji yakarudi. Umesema nyumba iko juu ya kilima, na hilo ni afadhali, lakini kijito cha mlimani hula ukingo wake, na barabara ya kupandia kilimani kwa kawaida hufuata kijito. Nyumba yako inaweza kubaki kavu huku njia ya kutokea imekwenda. Na ukumbuke bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya serikali kuu inanunuliwa kando na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Maine nayo haijasalimika: Desemba 2023 dhoruba ilifurika mito ya ndani na kukata umeme kwa mamia ya maelfu ya wateja, na Januari 2024 bahari ikapiga pwani mara mbili ndani ya wiki moja. Tofauti ni kwamba Maine ina ardhi nyingi iliyoinuka kidogo tu, isiyo mlima wala bonde, na nyumba za huko ndizo ningetaka uangalie.

Sasa barabara. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont hazina lami. Wageni wanaogopa Januari, lakini Januari ni rahisi: udongo umeganda, theluji inasukumwa, unaendesha. Shida ni kuanzia Machi hadi mapema Mei, theluji inapoyeyuka juu huku chini bado barafu. Maji hayana pa kuzama, na barabara inakuwa uji. Wenyeji wanakuita huo msimu wa tope na wanauhesabu kama msimu wa tano wa mwaka. Tairi linafuata mfereji uliochimbwa na gari lililotangulia. Ukijaribu kutoka, unakalia tumbo la gari. Umekulia Handeni, masika unaijua, lakini ile ya kwetu mvua ikikatika siku tatu unapita. Hii unaisubiri wiki tano.

Hapo ndipo shemeji anapoingia, na hukumtaja sana. Wakati huohuo wa kuyeyuka, miji ya majimbo yote mawili hupigilia vibao kuzuia magari mazito yasiharibu barabara. Maine kikomo cha kawaida kwenye vibao hivyo ni paundi 23,000. Kuna misamaha, na wakati mwingine lori tupu huruhusiwa, lakini asitegemee kuja na trela lenye mzigo hadi uani mwezi wa Aprili. Madereva ninaowajua hukodi nafasi ya kuegesha karibu na barabara kuu, kisha humalizia safari na gari dogo. Kwa hiyo ukiona nyumba, mpigie karani wa mji, usimpigie dalali, umuulize mambo haya: barabara hii ni ya nani, inaondolewa theluji na nani, basi la shule linageuzia wapi, na masika inawekewa kibao? Karani atakujibu yote kwa dakika tano, na bure. Maine ongeza swali la barabara za binafsi, kwa sababu nyingi zilizo karibu na maziwa ni za wenye nyumba wenyewe, na gharama ya kusukuma theluji hugawana majirani wasiopatana.

Kazi yako ndiyo rahisi kuliko yote. Texas, Maine na Vermont zote zimo kwenye mkataba wa leseni za uuguzi wa majimbo. Vermont iliingia Februari 2022. Kama leseni yako ya Texas ni ile ya majimbo mengi, unaweza kuanza kazi ukifika, ila tangu Januari 2024 ukihamisha makazi una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. Usizipoteze siku hizo ukipanga makabati. Majimbo yote mawili yana wazee wengi, Maine ikiwa na umri wa kati mkubwa kuliko jimbo lolote, kwa hiyo manesi wanatafutwa. Jihadhari tu na hospitali ndogo za mbali. Kadhaa za Maine vijijini zimefunga wodi za wazazi miaka ya karibuni, na hospitali ikianza kufunga wodi, nesi aliyenunua nyumba jirani nayo hujikuta anaendesha saa nzima kwenda kazini gizani. Na ni giza kweli: Desemba jua linazama saa kumi jioni na dakika chache. Magharibi unaiswali wakati ambao Handeni watoto ndiyo wanatoka kucheza mpira. Juni mambo yanageuka, jua linazama saa mbili na nusu usiku, na Alfajiri inakuamsha kabla hujalala vya kutosha.

Kodi nitaipitia haraka. Mnatoka Texas ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Huku unakatwa kote. Maine viwango huanzia asilimia 5.8 na familia ya watu wawili wanaofanya kazi hufika 6.75 au 7.15. Vermont huanzia 3.35 na nyinyi mngeishia sana sana kwenye 6.6. Kodi ya nyumba ndiyo ya kutazama. Vermont inaitegemea kuendesha shule, na mwaka 2024 sehemu ya elimu ilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 14, mpaka bunge la jimbo likavutana na gavana. Mwaka 2025 ikapitishwa sheria ya kuunganisha wilaya za shule, na shule ndogo za vijijini zinaishi kwa wasiwasi. Kuna nafuu kulingana na kipato, lakini lazima ujaze tamko la makazi kila mwaka. Maine, ukishamiliki nyumba miezi kumi na miwili, unapunguziwa dola 25,000 kwenye thamani inayotozwa. Na kama bado unalipa mkopo wa chuo cha uuguzi, Maine inakurudishia kupitia kodi hadi dola 2,500 kwa mwaka. Hilo liulizie mapema, wengi wanakaa miaka mitatu ndiyo wanasikia.

Kuhusu wenzetu, rafiki yako amesema kweli. Wasomali walianza kuhamia Lewiston, mji wa Maine, mwaka 2001. Mwaka uliofuata meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi kuwaomba wapunguze kuja. Januari 2003 watu weupe wa siasa za chuki wakaitisha mkutano wao mjini, wakafika wachache, na maelfu ya wenyeji wakajaa upande wa pili kuwaunga mkono Wasomali. Nakueleza yote mawili kwa sababu yote mawili bado yapo. Baadaye wakaja Wakongo na Warundi, na ukikaa dukani Lewiston au Portland kwa nusu saa utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha kambi ya Nyarugusu. Msikiti upo, nyama ya halali ipo, unga wa sembe na mawese vipo. Vermont vitu hivyo unavipata Burlington na Winooski, mitaa miwili mitatu, kisha ukitoka nje ya hapo hakuna.

Na kwako wewe Mzigua kuna jambo ambalo huenda hulijui. Wabantu wa Kisomali walioletwa Marekani kama wakimbizi kuanzia 2003 na 2004, miongoni mwao wapo ambao mababu zao walichukuliwa Tanga karne ya 19 wakapelekwa Somalia, na lugha hawakuiacha. Wanasema Kizigua hadi leo. Jamii ya Wabantu hao ipo Lewiston na ipo Burlington. Nje ya Lewiston wana mashamba, wanalima mahindi, katika nchi ambayo udongo unaganda nusu mwaka. Nenda siku moja umsalimie bibi wa watu kwa Kizigua halafu uniambie alivyokujibu.

Lakini tusidanganyane. Majimbo haya mawili ni miongoni mwa yenye watu weupe wengi kuliko yote, watu tisa kati ya kumi hivi. Mkiishi kijijini, mwanao atakuwa peke yake darasani, pengine shule nzima. Sijasema atateswa, binti yangu alipata marafiki wazuri. Nasema kuna uchovu wa kuwa yule anayeulizwa kuhusu Afrika kila mara, na mtoto wa miaka tisa anaubeba tofauti na wa sita, ambaye atasahau kwamba aliwahi kuishi kwingine.

Kwa hiyo, ushauri wangu: Maine, lakini si Maine ya rafiki yako. Unafuu anaousifu uko mbali kaskazini na mashariki, na kule huyo bibi wa Kizigua hayupo, hospitali ni ndogo, na shemeji ataongeza saa tatu kila safari. Tazameni miji midogo inayouzunguka Lewiston: Turner, Greene, Sabattus, Poland, Durham. Ukiwa huko una ekari zako na giza lako la nyota, na ndani ya nusu saa hivi una hospitali, msikiti, na barabara kuu ya kwenda Portland na Boston. Bei si ile mliyoota, ila mtalala. Kama roho yako imeshikwa na Vermont kabisa, basi iwe upande wa White River Junction, zinapokutana barabara kuu mbili, 89 na 91, na hospitali kubwa ya Dartmouth iko ng'ambo ya mto, New Hampshire. New Hampshire haitozi mshahara, lakini usifurahi mapema, ukiishi Vermont, Vermont itakutoza hata kama umefanyia kazi ng'ambo.

Na msinunue mwaka huu. Kodini nyumba au fleti Lewiston au Auburn kuanzia Agosti shule zinapokaribia kufunguliwa, mpite baridi moja nzima, kisha mwende kutazama nyumba za kununua mwezi wa Aprili, katikati ya tope, nyumba ikiwa katika sura yake mbaya kuliko zote. Majengo ya zamani ya Lewiston yana rangi yenye sumu ya madini ya risasi, na mwanao mdogo ana miaka sita, kwa hiyo kwa jengo lolote la kabla ya 1978 ulizia vipimo kabla ya kusaini. Mtakapofika kwenye kununua, pimeni maji. Karibu nusu ya kaya za Maine zinakunywa maji ya visima vyao wenyewe, na mwamba wa huku una aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita. Kama palikuwa shamba zamani, pimeni na zile kemikali zisizooza, ziitwazo PFAS, kwa sababu tope la maji taka lilimwagwa mashambani kama mbolea kwa miaka mingi hadi Maine ikapiga marufuku mwaka 2022. Muulize muuzaji alichoma galoni ngapi za mafuta baridi iliyopita na uone risiti. Nyumba ya zamani yenye upepo inamaliza 800 au 1,000, na tangi la kawaida chini ya nyumba ni la galoni 275. Zidisha mwenyewe.

Novemba ni msimu wa kulungu. Watoto wasiingie msituni bila vizibao vya rangi ya chungwa kali, hata msitu ukiwa wenu. Maine Jumapili hakuna kuwinda, kwa hiyo siku hiyo matembezi ni ya raha. Kuanzia Aprili wakague kupe kila jioni, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ugonjwa wa Lyme umeenea sana majimbo yote mawili na kupe wake ni mdogo kama mbegu ya ufuta.

Kuku watapona. Wanaowaua kuku huku mara nyingi si baridi, ni sisi wenyewe kwa huruma. Mtu anaziba banda kila tundu, pumzi na kinyesi vinajaza unyevu, asubuhi upanga wa jogoo umekuwa mweusi kwa barafu. Acha tundu la hewa juu, chini ya paa, mbali na wanapolala. Weka fito pana ili wakae wakifunika vidole kwa tumbo. Chagua mbegu yenye upanga mdogo. Maji yataganda mara mbili kwa siku, hayo utayabeba wewe. Mlango ufungwe kabla ya giza, maana mbweha na rakuni wanahesabu kuku kuliko wewe. Mayai yatapungua Novemba jua likifupika, na usiwachinje kwa hasira kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza. Februari, theluji bado imefika dirishani, utaingia bandani na ndoo ukute yai moja kwenye nyasi kavu, la moto.